ULIZA MJOMBA: Chama cha babu au mama jirani?

Karibuni tena. Barua zimekuja nyingi ila hizi tatu zinaongelea kitu kimoja, kwahiyo nimezifunga pamoja kama dagaa kwenye gunia. Ya kwanza ndefu. Nimekata sehemu za majina maana mama katutajia watu mpaka na mitaa yao, na mimi kesi sitaki.

SWALI: Mjomba shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne, nipo Kigoma, kazi yangu dagaa, nanunua mwaloni, naanika, nauza jumla kwa watu wa Dodoma na Dar. Diwani wetu alifariki, Mungu amrehemu, na sasa kata yetu ina uchaguzi mdogo. Shida ndo inaanzia hapo.

Kwetu ni familia ya chama. Babu mzaa baba alikuwa na kadi ya TANU, tunayo mpaka leo kwenye sanduku, imefungwa kwenye nailoni. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi miaka na miaka, na baba mdogo sasa hivi ni katibu wa tawi. Mimi mwenyewe kadi ninayo na nailipia, kanga na tisheti usiseme. Tangu naanza kupiga kura sijawahi kupigia chama kingine, hata siku moja.

Sasa safari hii aliyepitishwa ni mtu ninayemjua kuliko hao waliompitisha. Tulikuwa naye kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, yeye ndo anashika daftari. Siku ya kugawana ilipofika sanduku likafunguliwa mbele yetu wote, funguo tatu watu watatu kama kawaida, hela iliyomo haifiki hata nusu ya tulichotegemea. Kuangalia daftari, kumbe kuna mikopo ya watu ambao hawajawahi kukopa, na mmojawapo ni mimi! Nimeandikwa nimekopa laki tatu na arobaini na sahihi ipo, imekunjwakunjwa kama ya daktari, mimi ambaye jina langu naandika kwa herufi kubwa tu mpaka benki wananijua. Mpaka leo anasema ni makosa ya hesabu.

Mgombea wa upande wa pili ni mama jirani yangu, tumepakana ukuta. Lile ziwa lilipofungwa 2024, miezi mitatu hakuna kuvua, yeye ndo alikuwa anazunguka na orodha ya wanawake wenye mikopo, akawachukua wakaenda nao kuomba wasogezewe marejesho, na wengine walisikilizwa. Ila chama anachogombea nacho hata ofisi hapa kwetu hakina, kina bendera tu imefungwa kwenye mwembe.

Baba mdogo anasema kura ya chama ni kama damu, na eti diwani wa upinzani hataleta hata ndoo moja ya changarawe maana hela zipo kwetu. Halafu kuna watu wanapita nyumba kwa nyumba wanaandika namba za kadi za mpiga kura, naogopa watajua. Mjomba, nikimpigia jirani nimeusaliti ukoo? Na nikimpigia huyu wa daftari usiku nitalala?
Mama Dagaa, Kigoma

MJOMBA: Marahaba mpwa wangu. Pole na msiba wa diwani, na la daftari pole mara mbili.

Nianze na namba za kadi maana naona ndo zinazokunyima usingizi. Mtu akiandika namba yako atajua umejiandikisha, basi, hapo ndo mwisho wa reli. Karatasi ya kura haina jina lako. Unapewa, unaingia kwenye kituturi, unaweka vema, unakunja, unatumbukiza kwenye sanduku. Mawakala wa vyama wamekaa pale wanakuona unaingia na unatoka ila ulichofanya mle ndani hawakioni. Enzi zangu za ualimu nimekaa kwenye vituo kama karani mara kadhaa, na kura zikishamwagwa mezani zinachanganyika kama mchele, ya mke wangu mwenyewe nisingeitambua. Kwahiyo wakija waandike tu, ukiwa na chai wape. Kadi yenyewe ndo usimpe mtu aondoke nayo, hata awe baba mdogo.

Sasa twende kwenye ukoo.

Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, nilikuwa kituo kimoja pale Ujiji. Akaja mzee mmoja, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, akapewa karatasi zake akaingia nazo, kimya. Tukasubiri. Foleni inasubiri. Mara akatoka na karatasi mkononi, hajazikunja, akauliza kwa sauti, "Nyumba iko wapi?" Msimamizi akamwambia mzee, nyumba gani tena? "Nyumba! Mimi wangu siku zote ni nyumba, humu naona mabendera tu." Foleni nzima ikacheka, mimi mwenyewe nilijiinamia mezani.

Vijana wa sasa hawawezi kuelewa kwanini tulicheka, ngoja niwaambie. Enzi za chama kimoja, kuanzia 1965, jimbo lilikuwa linaletewa wagombea wawili, wote wa chama hicho hicho, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Unapima jembe na nyumba, nani anafaa. Chama hakikuwa swali, swali lilikuwa mtu. Na watu walikuwa wanapima kwelikweli, usidhani ni maigizo, mwaka huohuo 1965 Paul Bomani, waziri wa fedha mzima, aliangushwa kwao Mwanza. Walioangusha ni akina nani? Wananchi wa TANU ileile, wenye kadi kama hiyo ya babu yako iliyo kwenye nailoni, na asubuhi yake TANU ilikuwa bado TANU.

Kwahiyo mpwa wangu, huo ukoo wa chama unaouogopa ulishazoea kumkataa mtu bila kukataa chama. Baba mdogo akikwambia damu, mwambie babu naye alikuwa anachagua kati ya jembe na nyumba.

Najua utanijibu, Mjomba hiyo ilikuwa ndani ya chama kimoja, leo kumkataa huyu maana yake naweka vema kwenye bendera nyingine. Ni kweli. Na mimi sitaki kukudanganya kwamba bendera si kitu, kuna watu wanapenda kusema "mimi naangalia mtu tu, chama ni nguo" halafu wanashangaa baada ya mwaka mtu wao kabadilika. Hajabadilika, kabanwa. Diwani akishachaguliwa, kabla ya baraza kukaa, madiwani wa chama kimoja wanakutana kwanza peke yao, wanakubaliana msimamo, kesho yake kwenye baraza anayekwenda kinyume ana kesi kwenye chama. Na sheria zetu hazina huruma hapo, ukifukuzwa uanachama na kiti kinaondoka. Hiyo ndo kamba. Kila diwani na kila mbunge wa nchi hii ana kamba shingoni na upande wa pili umeshikwa na chama, tofauti ni urefu wa kamba tu na nani kaishika.

Kingine, mwenyekiti wa halmashauri au meya hatumchagui sisi, wanachaguliwa na madiwani wenyewe. Chama chenye madiwani wengi ndo kinachukua. Hapa Kigoma Ujiji 2015 ACT-Wazalendo walipata madiwani wengi wakaishika manispaa, hawakuhitaji ruhusa ya mtu. Sasa huyo mama jirani akiingia peke yake na chama cha bendera ya kwenye mwembe, akitoa hoja atamtegemea nani amuunge mkono? Hilo swali kamuulize yeye mwenyewe, tena leo jioni, ukuta si mmepakana. Muulize: ukifika kule utakaa na nani? Akikujibu "Mungu atasaidia" ujue hajajipanga. Akikutajia madiwani wawili watatu wa vyama vingine, hata wa chama chako wewe, ambao wanaongea naye vizuri, huyo ana akili ya baraza.

Na la hela zipo kwetu. Hili wanalisema kila uchaguzi na kila uchaguzi kuna watu wanalimeza. Ushuru unaotoa wewe pale mwaloni kwa kila gunia, kuna siku mkata risiti alikuuliza kadi ya chama? Hela ya halmashauri inatoka kwenye ushuru na kodi zetu na ile inayoletwa kutoka serikali kuu, na bajeti inapitishwa na baraza lote. Sasa kusema ukweli wote, diwani mwenye watu wake wengi ndani ya baraza ana nafasi nzuri ya kuvuta barabara ije kwake, hiyo siasa ipo dunia nzima, ila kuvuta ni kazi ya mtu, hata wa chama kikubwa kama ni bubu hapati kitu, wapo madiwani wanamaliza miaka mitano hawajauliza swali hata moja zaidi ya "posho itatoka lini".

Mimi kilichonikamata kwenye barua yako ni daftari. Diwani ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata. Na unajua zile asilimia kumi za mapato ya ndani ya halmashauri zinazokopeshwa bila riba, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu? Maombi ya vikundi yanaanzia kata. Yaani mtu aliyekuandikia mkopo wa laki tatu na arobaini ambao hukuuona, ndo awe mkubwa wa kata ambako vikundi vinaandika majina kuomba mikopo. Ingekuwa kosa lake ni ulevi, au maneno mengi, au hasalimii watu, ningekwambia vumilia, chama kitamnyoosha. Lakini hili ni kosa la kazi ileile anayoomba.

Na hapa nikugombeze kidogo, uniwie radhi. Wewe ni mwanachama hai, kadi unalipia, baba mdogo katibu wa tawi. Wakati jina la huyu bwana linapita kwenye kura za maoni ulikuwa wapi? Ulimwambia nani habari za daftari? Mwanachama wa kweli hasubiri mpaka siku ya kituturi, anasema mapema ndani ya nyumba, wajumbe wakijua wakapitisha hivyohivyo basi dhambi iwe yao. Nina wasiwasi baba mdogo mpaka leo anadhani huyu ni mtu safi. Hujachelewa kumwambia, mwambie mkiwa wawili, usimwambie kwenye mkutano.

Ukiniuliza mimi, kwa nafasi ya diwani naenda na mtu. Diwani unakutana naye kwenye msiba, sokoni, kisimani, makosa yake unayaona kwa macho yako na unaweza kumfokea. Kwa mbunge napunguza mwendo, nafikiri mara mbili, kwa sababu kura unayompa mbunge inafanya kazi ambayo wengi hawaijui: zinajumlishwa nchi nzima, na chama kikifikisha asilimia tano ya kura zote halali za wabunge kinapata mgao wa viti maalum vya wanawake kulingana na kura zake, na ruzuku nayo inaangalia hukohuko. Kwahiyo hata mtu wako akishindwa jimboni kura yako inaweza kuwa imempeleka mama mwingine bungeni ambaye hujawahi kumuona. Na rais, pale unachagua na mawaziri, na wakuu wa mikoa, na wilaya, na wakurugenzi, wote wanateuliwa, hapo mtu mmoja mzuri mwenye chama kibovu mimi anaanza kunitia wasiwasi. Ndo maana mwaka fulani (siutaji) nilipiga karatasi tatu kwa vyama tofauti, nikamwambia mke wangu, akaniita kachumbari, na mpaka leo wajukuu wananiita babu kachumbari.

Kwenye uchaguzi wako mdogo hata huo mzigo haupo. Unapewa karatasi moja tu, ya diwani. Serikali haibadiliki, rais habadiliki, chama cha babu kitaendelea kuwepo Jumatatu. Ila nenda kwenye mikutano ya wote wawili, vaa kanga yako kama kawaida, na nyumbani usibishane na mtu. Halafu hizo hela zenu za kikundi fuatilieni hata kama akishinda, hasa akishinda.

SWALI: Mjomba mambo vipi, shikamoo lakini. Mi ni kijana wa bodaboda Tabora, kijiwe chetu kipo Isevya. Kijiweni tumebishana wiki nzima. Kuna mwalimu wetu mstaafu anapendwa na kila mtu, Mwislamu Mkristo, Mnyamwezi Muha, wote, tunamwambia gombea, anasema vyama sivitaki. Sasa kwanini lazima chama? Mbona asisimame tu mwenyewe na sisi tumpe kura? Na kweli zamani watu wa Tabora ndo waliamua mambo ya kura?
Kijana wa Kijiweni

MJOMBA: Marahaba kijana, na mwalimu mstaafu mwenzangu mpe salamu.

Swali lako la mwisho ndo nalianza maana Tabora mnakaa juu ya historia mnaichezea bao. Januari 1958 TANU walifanya mkutano wao mkuu hapohapo kwenu. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa masharti, kwanza mpiga kura awe na kipato au elimu au cheo fulani, halafu kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja, ukiacha mmoja kura imeharibika. Wengi walikuja Tabora wakitaka kususia. Mwalimu Nyerere akawabembeleza mpaka wakakubali kuingia, ndo ukaitwa uamuzi wa busara. Zuberi Mtemvu alikasirika akatoka akaanzisha chama chake. Sasa fikiria, TANU wakati ule haikuwa na wanachama Wazungu wala Waasia, ila ikasema fulani na fulani tunawaunga mkono wapeni kura. Na watu wakawapa! Mtu anampigia Mzungu ambaye hajawahi hata kumsikia akikohoa, kwa sababu chama kimesema. Hiyo ndo kura ya chama tupu, na ilifanya kazi, wagombea wa TANU walizoa.

Miaka miwili tu mbele, 1960, TANU ikapata viti 70 kati ya 71. Unajua kile kimoja kilienda wapi? Mbulu. Herman Sarwatt, mwana TANU, chama kikamweka mtu mwingine, yeye akasema mimi nasimama mwenyewe, na watu wa Mbulu wakampa. Kwahiyo huyo mgombea binafsi mnayemuota Isevya alishawahi kuwepo na alishawahi kushinda mbele ya TANU ya mwaka 1960, ambayo haikuwa mchezo.

Leo haiwezekani. Katiba ibara ya 67 inasema mbunge lazima awe mwanachama na apendekezwe na chama, na diwani ni hivyohivyo. Aliyepigana na hili maisha yake yote ni Mchungaji Christopher Mtikila. Mahakama Kuu ikampa haki 1994, Bunge likabadilisha Katiba likaziba mlango. Akarudi, Mahakama Kuu ikampa tena 2006. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hapana, hili ni la kisiasa liamuliwe na Bunge na wananchi. Mzee hakuchoka, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ile ya Arusha, na Juni 2013 wakasema Tanzania imevunja haki. Yeye alifariki 2015 kwa ajali, na kile kifungu bado kipo. Mtu mwingine asingekaa na kesi moja zaidi ya miaka ishirini, mimi kesi ya kiwanja miaka miwili tu ilinitoa mvi.

Sasa mwalimu wenu. Ana njia moja, achukue chama. Na hapa watu wazuri wengi wanajikwaa, wanachukua chama chochote kilicho karibu kama mtu anayedandia basi bila kuuliza linaenda wapi. Kigoma tunalijua sana hilo, sisi ni mabingwa wa kuchagua watu. Mwaka 2010 NCCR-Mageuzi walipata majimbo manne nchi nzima na yote manne yalikuwa huku kwetu, Kigoma Kusini, Muhambwe, Kasulu Mjini na Kasulu Vijijini. Ungedhani Kigoma yote imekuwa NCCR. Mwaka 2011 haohao NCCR wakamfukuza David Kafulila uanachama, mbunge wao anayesikika kuliko wote, ikabidi akimbilie mahakamani ndo kiti kikabaki. Ilipofika 2015 hawakupata hata jimbo moja mkoani kwetu. Zitto Kabwe naye alikaa Kigoma Kaskazini miaka kumi kwa CHADEMA, akatoka, akaja mjini na ACT-Wazalendo ambayo ilikuwa changa kabisa, akashinda, na bungeni miaka ile mitano mbunge wa jimbo wa chama hicho alikuwa yeye peke yake, 2020 akashindwa naye. Jina linaweza kukupeleka bungeni, ukishafika unahitaji wenzako wa kupiga nao kura.

Mwambieni mwalimu asome katiba ya hicho chama kabla ya kuchukua fomu, hasa ukurasa wa nidhamu, nani ana uwezo wa kumfukuza na rufaa anakata wapi. Kamba, nimeshaieleza hapo juu kwa mama dagaa. Kama hataki kabisa, agombee uongozi wa shule, ushirika au msikiti, huko hawaulizi.

SWALI: Shikamoo Mjomba, nipo Kasulu. Kuna kiongozi nilimpigia kampeni jua na mvua, nikagombana mpaka na shemeji zangu. Akajiuzulu, akahamia chama tulichokuwa tunapambana nacho, na sasa anarudi kuomba kura zilezile. Nifanyeje? Nimpe au nisimpe?
Mwenye hasira, Kasulu

MJOMBA: Marahaba. Pole, na shemeji zako wanacheka najua.

Haupo peke yako. Februari 2018 Kinondoni na Siha walipitia hilohilo siku moja, Mtulia alikuwa mbunge kwa CUF, Mollel kwa CHADEMA, wote wakajiuzulu, wakahamia CCM, wakasimamishwa tena majimbo yaleyale na wote wakatangazwa washindi. Sisi wenyewe Dk. Kabourou, yule wa CHADEMA ambaye kesi yake ya uchaguzi mdogo wa Kigoma wa 1994 ilifika mpaka Mahakama ya Rufani, baadaye alihamia CCM. Kuhama si dhambi, mtu ana haki ya kubadili mawazo, na ukijiuzulu kiti ukarudi kwa wananchi angalau umewauliza tena.

Ila hapa ndo utajijua wewe ulikuwa unampigia nani. Sura ni ileile, bendera ndo nyingine. Kama ulimpenda kwa kazi yake, kazi ipo, ipime upya. Kama ulimpenda kwa sababu ya chama, basi yeye kaondoka na chama kimebaki, kinaleta mwingine.

Mimi ningeenda kwenye mkutano wake nikae mbele. Waruhusu maswali au wasiruhusu, nyoosha mkono. Muulize kitu kimoja alichokuwa anakipinga akiwa huku, ukitaje kwa jina, barabara ile, mnada ule, ushuru ule, halafu muulize leo anasemaje. Usimuulize kwanini umehama, hilo jibu kashaliandaa. Na shemeji zako nenda kawasalimie kabla ya siku ya kura, beba hata mkungu wa ndizi.